Waya Iliyoingia kwa Urahisi

Watu wa Bondeni, mjini Nakuru, walimzoea Wangare kabla ya kumjua jina. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijivu kichwani alitokea upande wa mtaa wa Rhonda kwa miguu, mkoba begani kama mtu anayekwenda ofisini, akafungua kufuli mbili za karakana ya Mzee Shariff na kuingia. Ndani alivua viatu vya ngozi, akavaa raba, akajifunga aproni iliyokuwa ngumu kama ubao kwa vanishi iliyokauka. Jioni alifanya hayo hayo kinyumenyume. Mama wa mahamri pale kona alidhani kwa miezi minne kwamba huyu ni karani wa Shariff. Hakukosea sana.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kazi aliyokuwa akijifunza ni kusuka mota. Mota ikiungua, iwe ya pampu ya kisima, ya kinu cha posho au ya mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, waya ya shaba iliyo ndani yake hugeuka nyeusi na kunuka kama nywele zilizoshika moto. Fundi huitoa yote, huhesabu ilikuwa na mizunguko mingapi na ilipita katika mifereji gani ya chuma, kisha huisuka upya kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko. Ni kazi ya kukaa kimya. Mtu akikuita ukiwa kwenye mzunguko wa thelathini na saba, unaanza tena.

Wangare hakuwa na wa kumwita.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa rekodi kwa miaka ishirini na mmoja katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha. Aliandika waridi ngapi zimekatwa, ngapi zimefaa, ngapi zimetupwa. Aliishi Karagita katika chumba kimoja, kwanza na mume wake Owuor na mtoto wao Abby, kisha na Abby tu, kwa sababu Owuor alipata kazi Kisumu na kuanza kuja kila mwisho wa mwezi, halafu kila Krismasi, halafu akawa mtu wa kutuma salamu kupitia kwa mtoto. Abby alikua, akaenda chuo kikuu Eldoret. Mwaka uliofuata shamba lilileta mashine ndogo za mkononi zinazohesabu maua zenyewe, na Wangare akapewa barua ya ukurasa mmoja. Kabla ya kutoka aliitoa nakala na kuiweka kwenye faili linalohusika, kwa mazoea.

Alihamia Rhonda kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu. Siku moja mwenye nyumba, akiona huyu ndiye mpangaji pekee ambaye hana pa kwenda, alimtuma apeleke pampu ya maji ya ploti kwa fundi Bondeni. Aliambiwa arudi jioni. Hakurudi, kwa sababu hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu saa nne hadi saa kumi, akimtazama mzee wa miaka sitini na tisa akilaza nyuzi za shaba ndani ya mifereji kwa kijiti cha mwanzi, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto bila kumwamsha.

Kesho yake alirudi mikono mitupu.

"Umesahau nini?" Mzee Shariff aliuliza.

"Sijasahau kitu. Naweza kukaa?"

"Kukaa ni bure. Lakini hiyo ndoo ni ya paka, mtaelewana wenyewe."

Ndivyo alivyoanza. Watu walipomuuliza mbona amechelewa hivyo kujifunza kazi ya mikono, alikuwa na jibu moja, fupi, ambalo alilitumia tangu akiwa msichana: alitaka zamani, lakini darasa lilikuwa limejaa.

Darasa halikuwa limejaa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata nafasi ya kusomea umeme katika chuo kimoja mjini. Baba yake, Muturi, mkulima wa kahawa kidogo na mahindi kule Subukia, alimwambia kila mtu aliyekutana naye njiani. Alimshonea ovaroli ya buluu kwa fundi wa sokoni, pana, ili mtoto akinenepa isimbane. Wangare aliingia darasani siku ya kwanza akakuta wavulana thelathini na mmoja. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomshinda kueleza maisha yake yote, kwamba hakuna aliyemkosea. Mwalimu alimpa kigoda na bisibisi kama wengine. Ila wakati wa mapumziko wasichana wa ukarani walipita barazani wakicheka pamoja, visigino vyao vikigonga saruji, na yeye alikuwa amesimama kando ya ukuta, peke yake, ameshika bisibisi. Siku ya tatu alikwenda ofisini akabadilisha kozi. Nyumbani alisema darasa limejaa.

Baba yake alisema ukarani nao ni kazi safi. Mama yake aliichukua ile ovaroli akawa anakamulia ng'ombe, miaka mingi, hadi ikapasuka magotini. Muturi alikufa akiwa bado na kinyongo na chuo kile.

Wakati mwingine, akiwa katikati ya koili, kifungu cha mizunguko ya waya, Wangare alipiga hesabu nyingine kabisa. Alikimbia dakika kumi na tano za kusimama peke yake.

Mwaka wa pili wa kujifunza, macho ya Mzee Shariff yalifunikwa na ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, mkewe Mastura akasema watakwenda Mombasa kwa dada yake akapasuliwe huko. Mwana wao Yaseen alikuwa na wazo lake: karakana ipangishwe kwa wauza simu, walikuwa tayari, mlango wenyewe unatazama barabara.

"Nimemwomba mwezi mmoja," Shariff alimwambia Wangare siku ya kuondoka. Alikuwa ameushika ufunguo kwenye kiganja kana kwamba anaupima uzito. "Mota zikitoka zisirudi, Yaseen hatakuwa na la kusema, na kazi ni yako. Zikianza kurudi, Mama Abby, mimi ndiye nitakayekosa la kusema."

"Nimesikia, Mzee."

"Na paka ale. Hilo pia ni sharti."

Mota ya kwanza aliyoipokea peke yake ilitoka Subukia, imelazwa katikati ya mikebe mitupu kwenye pikapu ya maziwa. Ilikuwa ya kinu cha posho cha mama mmoja aitwaye Wachuka. Wangare aliifungua kwa uangalifu wote aliojua. Alihesabu mizunguko mara tatu. Alipima unene wa waya kwa maikromita, akaandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ofisini, mwandiko ambao meneja mmoja wa shamba aliwahi kusema unaweza kuuzwa. Aliona kwamba ndani ya mifereji, kando ya waya, palikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa mara nyingi ili kujaza nafasi. Naye alikunja karatasi vivyo hivyo, mara zile zile. Waya iliingia kwa urahisi. Alifurahi jinsi ilivyoingia. Alimaliza kwa siku mbili kazi ambayo mzee angeichukulia tatu. Mota ilizunguka. Jioni ile alimpigia Abby kumweleza, akamkuta kwenye kelele ya wenzake.

"Mota ya nini, Mum?"

"Ya kinu."

"Aii, si uko serious. Nitakupigia Sunday, sawa?"

Siku ya tisa mota ilirudi, na safari hii ilikuja na mwenyewe. Wachuka alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, unga kwenye nyusi. Alishuka kwenye pikapu akachungulia ndani ya karakana.

"Shariff yuko wapi?"

"Yuko Mombasa, mama. Anatibiwa macho."

"Kwa hivyo ni wewe. Msichana wa Shariff." Alimtazama kutoka kitambaani hadi kwenye raba. "Msichana mwenye mvi."

"Ziko chache."

"Zitaongezeka ukiendelea na hii kazi. Haya. Imezima jana watu wakiwa kwenye foleni, ikatoa moshi, watoto wakakimbia. Ni stima, sivyo? Jana ilipotea mara tatu, ikirudi inarudi na hasira."

Jibu lilikuwa limewekwa mezani, limemenywa kabisa. Mafundi wote wa mji husema ni stima, umeme wenyewe. Hakuna mtu wa kuibishia stima. Wangare alihisi kichwa chake kikianza kuitikia, akakizuia.

"Wacha niifungue kwanza," alisema.

Wachuka alipoondoka aliifungua, na ile harufu ikamjia usoni. Koili zote zilikuwa zimeungua sawasawa, nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia kuhesabu. Idadi ilikuwa ile ile aliyoandika. Alilinganisha na daftari mstari kwa mstari na hakuona kosa popote, na hilo ndilo lililomtia baridi, kwa sababu kosa ambalo halimo kwenye rekodi hakuwahi kufundishwa mahali pa kulitafuta.

Akateremsha madaftari ya Shariff kutoka rafuni, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma, ya miaka thelathini na zaidi, kutafuta kama mzee aliwahi kusuka mota ya umbo hili. Hakuipata. Lakini alipofunua kurasa aliona kwamba mzee alichora safu ya mwisho kila mahali, nyembamba, yenye kichwa *Sababu*. Hapo aliandika kwa nini kila mota iliyorudi ilirudi. Stima. Stima. Maji. Panya. Mkanda umekazwa mno. Stima. Na katikati ya hayo, mara chache sana, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule, neno moja: *mimi*.

Alihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Yalikuwa kumi na moja.

Akapiga simu Mombasa. Aliyepokea ni Mastura.

"Ana bandeji, mwanangu, hataki kutulia. Ngoja nimwekee sikioni. Shariff, usiguse jicho. Ni Mama Abby."

"Paka amekufa?" sauti ya mzee ilisema.

"Paka mzima. Mota ya Subukia imerudi."

"Imeungua upande mmoja au yote?"

"Yote. Sawasawa."

"Ulihesabu?"

"Mara tatu. Niliweka ile ile iliyokuwamo, unene ule ule, mizunguko ile ile. Hata karatasi."

"Karatasi gani?"

Akamweleza zile karatasi zilizokunjwa.

"Hebu niambie," Shariff alisema polepole. "Waya iliingiaje? Uliisukuma kwa taabu, ama iliingia kama mkono mfukoni?"

"Iliingia vizuri."

"Ee. Hapo ndipo ungeshtuka. Mota iliyosukwa sawasawa haina nafasi ya bure, Mama Abby. Chuma kimekatwa kwa kipimo cha waya. Ukiona mtu amejaza karatasi, alikosa waya nene dukani akaweka nyembamba, akafunika. Fundi aliyetangulia alikosea, nawe umelinakili kosa lake kwa mwandiko mzuri."



"Kibao cha mota kinasemaje? Kile kidogo cha bati, ubavuni."

"Kimepakwa rangi. Sikukisoma."

"Kikwangue. Uliza mota yenyewe, usimuulize aliyekutangulia." Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayemficha mkewe: "Wachuka utamwambia nini?"

"Ameshanipa jibu. Anasema ni stima."

"Basi hilo ni lako. Mimi nimefungwa macho." Mastura alisikika akisema kitu kwa mbali. "Mama hapa anakwambia Yaseen anawaleta wale watu wa simu Jumatatu waone mahali. Nami nitamwambia imerudi moja. Sitamficha."

"Mwambie, Mzee."

Alikikwangua kibao kwa wembe. Chini ya rangi ya kijani namba zilikuwa pale siku zote, wazi kama mchana, kiasi cha umeme ambacho mota ile iliundwa kubeba. Alizipeleka kwenye jedwali lililobandikwa ukutani na kupata waya iliyo nene zaidi, hatua mbili juu ya ile aliyoweka. Alikaa kwenye ndoo ya paka. Akafikiri juu ya miaka ishirini na mmoja aliyonakili hesabu za watu wengine bila kuuliza kama zina ukweli, na jinsi alivyosifiwa kwa hilo. Kisha akainuka, kwa sababu ilikuwa tayari Jumanne na foleni ya kule Subukia ilikuwa ikisubiri unga.

Safari hii waya haikuingia kwa urahisi. Kila koili ilibidi isukumwe, ipangwe upya, igongwe taratibu kwa nyundo ya mti hadi ikubali. Kidole gumba cha kushoto kilivimba. Siku tatu hakuzungumza na mtu ila mama wa mahamri, aliyemuuliza kama anataka ya nazi au ya kawaida. Alipomaliza mfereji wa thelathini na sita hapakubaki hata nafasi ya kuingiza ukucha.

Ijumaa alipanda pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi tupu, mota nyuma, akaifunga mwenyewe pale kinuni, Wachuka amesimama juu yake mikono kiunoni. Watu wanane walikuwa wakingoja na madebe yao ya mahindi. Kabla ya kugusa swichi, Wangare aliinuka akajipangusa.

"Mama, haikuwa stima."

"Ati?"

"Mota haikuungua kwa stima. Niliweka waya nyembamba. Fundi wa kabla yangu alikosea, nami nikamfuata bila kukagua. Kosa ni langu. Hii sitakulipisha."

Wachuka alimtazama kwa muda, taya likitembea kama mtu anayetafuna kitu kidogo.

"Nina hiki kinu miaka kumi na miwili," alisema mwishowe. "Mota imeungua mara tano. Mara tano nimeambiwa ni stima. Nimekwenda kwa ofisi ya stima nikawatukana wale vijana mpaka wananijua kwa jina." Akageukia foleni. "Mnasikia? Nimewatukana bure."

Mzee mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Si bure, mama, walistahili kwa mengine."

"Wewe ni wa wapi?" Wachuka alimuuliza Wangare.

"Wa hapa. Kwa Muturi, kule juu, karibu na kiwanda cha kahawa cha zamani."

"Muturi? Yule ambaye chuo kilimnyima mtoto wake nafasi?" Uso wa Wachuka ulibadilika, ukalainika. "Masikini. Alikuwa akilisema hilo kila mahali. Hata siku ya mazishi ya mtu mwingine alilisema. Ni wewe? Darasa likawa limejaa?"

Wangare aliwasha swichi. Mota ilinguruma, mkanda ukakaza, kinu kizima kikaanza kutetemeka, na vumbi jeupe likashuka kutoka kwenye boriti. Akaweka kiganja juu ya mwili wa mota kama alivyofundishwa, kuusikia joto lake.

"Darasa halikujaa," alisema. "Nilitoka mwenyewe."

"Unasemaje?" Wachuka alipiga kelele, mkono nyuma ya sikio.

Wangare alimtazama. Mtu wa kwanza katika foleni alikuwa tayari anamimina mahindi, na Wachuka alikuwa amegeuka kumwekea gunia kwenye mdomo wa kinu. Alisubiri ageuke tena. Hakugeuka, kazi ilikuwa imemchukua. Wangare alikaa pale saa nzima, kiganja juu ya chuma, debe la kwanza likasagwa, la pili, la tatu, na joto likapanda hadi mahali fulani likasimama. Kisha alikusanya spana zake. Wachuka alimpa unga kilo mbili kwenye karatasi, akamwambia asalimie Shariff, akarudi kwenye foleni.

Yaseen alikuja Jumatatu na watu wawili wenye kamba ya kupimia. Walipima mlango, wakapima ukuta, wakaondoka. Adhuhuri Shariff alipiga simu.

"Wachuka alinipigia akanieleza yote. Nimemwambia Yaseen kwamba moja ilirudi na nimemwambia kwa nini," alisema. "Akasema, basi si nilikwambia. Nikamuuliza, unamjua fundi mwingine Nakuru aliyekwenda Subukia kujishtaki? Hakumjua. Wale wa simu watafute mlango mwingine." Akakohoa. "Daktari anasema hili jicho moja litarudi, la pili hajui. Sidhani kama nitakaa tena kwenye ile meza, Mama Abby. Ufunguo kaa nao. Umeshaandika daftari?"

"Bado. Leo."

"Andika. Usiache safu."

Simu ilipokatika, karakana ilikuwa kimya isipokuwa paka aliyekuwa akijilamba kwenye ndoo. Wangare alitaka kumwambia mtu. Alimpigia Abby, iliita hadi ikakata, alikuwa darasani. Namba ya Owuor alikuwa ameifuta. Kule Subukia, kwenye nyumba ya baba yake, hapakuwa tena na mtu wa kupokea simu. Alisimama kidogo katikati ya chumba akiwa na simu mkononi, kama mtu aliyesimama kando ya ukuta wakati wa mapumziko, kisha akaiweka mezani, akavuta daftari.

Aliandika tarehe, mota ya Wachuka, Subukia, mizunguko, unene wa zamani na unene mpya. Mwandiko ulikuwa ule ule wa siku zote. Alipofika safu ya mwisho kalamu ilikataa kutoa wino, akaijaribu pembeni ya ukurasa hadi ikakubali. Akaandika *mimi*.

Halafu akajifunga aproni. Palikuwa na pampu iliyoletwa asubuhi, na kibao chake kilikuwa kimepakwa rangi. Akatafuta wembe.